Tumehesabu ufukwe mmoja siku mbili mfululizo, majibu ni mbingu na ardhi. Tatizo liko wapi?

#1 MwanaHombolo

Wakuu, habari za jioni.

Sisi ni watu tisa wa Dodoma: walimu wanne, nesi, fundi sola, wastaafu wawili na kijana mmoja wa chuo. Kwa miaka sita sasa kila mwezi tunakwenda bwawa la Hombolo kuhesabu ndege. Hakuna anayetulipa, nauli tunachanga wenyewe. Mwezi uliopita tukaona tujaribu na bahari. Tukapanda treni ya SGR mpaka Dar, kesho yake alfajiri tukawa Bagamoyo upande wa Kaole, penye mikoko na tope pana.

Mwenyeji wetu alitufundisha vizuri. Unanyoosha futikamba kutoka ndani ya mikoko kuelekea baharini, mita 100. Kila baada ya mita tano unalaza fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita (tuliitengeneza kwa mabomba ya plastiki ya maji), unahesabu kila kilicho ndani, unaandika. Fremu ishirini. Ndege tunawaandika pembeni. Jumamosi likaingia kundi la kwanza la watu watano, nami nikiwemo. Jumapili likaingia la pili, watu wanne, mstari uleule, vijiti vyetu vikiwa bado vimesimama.

Haya ndiyo tuliyopata:

Tondo (konokono wa mikokoni): Jumamosi 214, Jumapili 96.
Kaa wadogo wa topeni: Jumamosi 61, Jumapili 340.
Aina za ndege: Jumamosi 3, Jumapili 7.

Wiki ya tatu sasa madaftari yote mawili yako mezani kwangu. Tulitaka kuzipeleka namba hizi kwa wanaotunza kumbukumbu za pwani, lakini siwezi kupeleka kitu ambacho mwenyewe sikielewi. Nitupe moja? Nichukue wastani? Wenye uzoefu naomba mnisaidie, jambo hili linaninyima usingizi.

#2 Mzee_wa_Bamvua

Mwalimu, kabla ya yote: mwezi ulikuwa wa ngapi, na mliingia majini saa ngapi? Mtu akinipa hesabu ya pwani bila vitu hivyo viwili, mimi huifunga na kuiweka kando.

#3 Chilonwa_Boy

Mbukwenyi! Wagogo mmeacha zabibu mkaenda kuhesabu kaa? Safi sana. Nipo hapa nasoma.

#4 MwanaHombolo

@Mzee_wa_Bamvua shikamoo mzee. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Jumamosi tuliingia saa nne na robo asubuhi. Jumapili wenzetu waliingia kama saa tano hivi.

#5 Mzee_wa_Bamvua

Marahaba. Basi mlikuwa kwenye bamvua, hapo mlichagua vizuri. Niwaeleze wa bara taratibu, maana nimezaliwa Kilwa na nimefanya kazi ya uvuvi mpaka nikastaafu, sasa nipo Kikuyu hapa Dodoma nachunga wajukuu.

Maji ya bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yakachelewa siku moja au mbili. Hapo bahari inajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari haisogei kwa kiasi kikubwa. Kwenye bamvua pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita tatu na nusu. Na bamvua za pwani hii zina tabia moja nzuri: maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Ndiyo maana wanawake wa pweza utawakuta njiani saa tatu, hakuna aliyewapigia kengele.

Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo Jumapili maji yalipwa karibu na saa tano, na wenzenu walifika muda huo yakiwa chini. Lakini kazi ya fremu ishirini haiishi kwa nusu saa. Wakati wanamalizia, bahari ilikuwa inarudi. Ukitaka kujua inarudi kwa kasi gani, gawa safari nzima ya maji mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza yanapanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwenye tope bapa kama la Kaole, ukichelewa saa mbili fremu zako za mwisho ziko majini.

Kwangu mimi jibu ni maji.

#6 MchambuziHuru

Samahani kama nitawaudhi. Kuna watu wamesomea kazi hii miaka minne mpaka saba. Watu tisa wanatoka Dodoma, wanafundishwa asubuhi moja, halafu wanataka namba zao ziaminiwe? Tofauti ya 61 na 340 hailetwi na maji, inaletwa na ugeni. Waachieni wenyewe.

#7 BintiMafia

@MchambuziHuru kaka, "wenyewe" ni nani? Mama yangu Mafia hajamaliza darasa la saba, lakini ukimwonyesha shimo la pweza atakwambia mwenyewe yumo au ametoka. Kasa wa Tanzania wanahesabiwa na nani kila alfajiri, kama si wanavijiji? Shirika la Sea Sense wanafanya kazi na vijana wa vijiji vya pwani, wanaopita ufukweni kuangalia nyayo za kasa. Bila hao tusingejua kasa anataga wapi.

Tena wanajua mambo ambayo mgeni hayajui. Kasa akipanda ufukweni si lazima atage. Anaweza kupanda, akachimba kidogo, akaghairi, akarudi. Anayehesabu nyayo peke yake atadhani viota ni vingi. Na ukishaandika nyayo unazifuta au unazikata kwa mstari, ili anayekuja baadaye asizihesabu tena. Hili ni suala la utaratibu. Cheti hakikufundishi hilo.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: Jumapili walihesabu kaa, au walihesabu mashimo?

#8 Nesi_Mpwapwa

Mimi ndiye niliyeongoza kundi la Jumapili, nimeona nijibu mwenyewe kabla sijasemewa.

Mwalimu, kwanza nikurekebishe kwa heshima. Hatukuingia saa tano. Tuliingia saa tano na dakika arobaini, maana bajaji ilituharibikia njiani. Tumemaliza saa saba kasoro. Fremu ya kumi na nane tuliihesabu maji yakiwa juu ya kifundo cha mguu, ya kumi na tisa na ya ishirini hatukuona chini kabisa, tukaandika sifuri. Sasa naona tulikosea, tungeandika kwamba haikuhesabika.

@BintiMafia tulihesabu kaa wenyewe, si mashimo. Ila kuna jambo. Tulipofika fremu ya sita futikamba ilikwama kwenye mizizi ya mchu (aina ya mkoko), mwenzetu akarudi kuikwamua. Sisi watatu tukabaki tumesimama bila kusogea, kama dakika kumi. Tope lililokuwa tupu likaanza kuchemka. Kwanza alitoka mmoja, gando lake jekundu, akalipunga. Kisha wawili. Kisha sikujua nihesabu wapi, eneo lote lilikuwa linapunga. Kuanzia hapo tukakubaliana kila fremu tunasimama kwanza, tunatulia, ndipo tunahesabu.

#9 MwanaHombolo

Dada, asante. Sisi Jumamosi hatukusimama hata mara moja. Tulikuwa tunafika, tunalaza fremu, tunahesabu, tunaondoka.

#10 BintiMafia

Basi hiyo ya kaa imeisha. Yule kaa anasikia hatua zako kwenye tope kabla hajakuona, anazama shimoni. Mliopita mbio mliwahesabu wavivu tu.

#11 UzaoWaPangani

Haijaisha @BintiMafia. Kaa wale nawajua, nimecheza nao utotoni. Mwenye gando moja kubwa ni dume. Jike ana magando mawili madogo na rangi yake inafanana na tope. Naomba kila kundi liseme liliandika nini: wenye gando kubwa tu, au wote?

#12 MwanaHombolo

Nimefungua daftari. La Jumamosi limeandikwa "kaa gando moja". La Jumapili "kaa wadogo". Ee Mungu wangu.

#13 UzaoWaPangani

Umeona? Jumamosi mlihesabu wanaume peke yao.

#14 Chilonwa_Boy

Sensa ya makabila ya zamani hiyo, wanahesabiwa wanaume wenye mkuki.

#15 NdegeWaBahi

Mwalimu, tunafahamiana, tulikutana Bahi mwaka juzi kwenye maji ya Sulunga. Niongelee ndege.

Aina tatu Jumamosi, aina saba Jumapili. Naomba uweke majina kama yalivyoandikwa, usiyarekebishe.

#16 MwanaHombolo

Jumamosi: "korongo mweupe, vitwitwi wengi, shakwe."

Jumapili imeandikwa na kijana wetu wa chuo: ana korongo weupe wa aina mbili, sululu, shakwe, kisha aina tatu za ndege wadogo wa tope amezitofautisha kwa mdomo na miguu: "mdomo umepinda chini," "mdomo mfupi mnene," "miguu ya kijani anatikisa mkia."

#17 NdegeWaBahi

Hapo sasa. Neno "vitwitwi wengi" ndilo limemeza ndege watatu au wanne. Kuna wanaoita kitwitwi, kuna wanaoita chamchanga, na wengi wetu tunamwita hivyo ndege yeyote mdogo anayekimbia kwenye tope. Huyo wa mdomo uliopinda chini, kama ndiye ninayemdhani, anazaliana Siberia na anakuja kwetu kukimbia baridi. Na huyu huyu mnaweza kumkuta Hombolo! Mmesafiri kwenda Bagamoyo kumtazama ndege ambaye labda alipita juu ya mashamba yenu ya zabibu.

Kwa hiyo ndege hawakuongezeka, macho ndiyo yaliyoongezeka. Kijana wenu ni hodari, mtunzeni.

Ndiyo maana hesabu za ndege wa majini zinazofanyika duniani kila Januari tangu 1967 zina nguvu. Si kwamba kila anayehesabu ni bingwa, ni kwamba sehemu ileile inarudiwa msimu uleule mwaka baada ya mwaka, na udhaifu wa mtu mmoja unaonekana baada ya muda.

#18 SingidaYetu

Nitoke nje kidogo ya mada. Sisi Singida mjini tuna Singidani na Kindai. Leo unakuta heroe ziwa zima la waridi, unampigia simu rafiki aje na kamera, kesho yake maji matupu. Nao hao ni ugeni wa wahesabuji?

#19 NdegeWaBahi

Hapana ndugu yangu, hao wanaondoka kweli. Heroe husafiri usiku kutoka ziwa moja la magadi hadi jingine, kufuata chakula na kina cha maji. Wanarudi Natron kuzaliana, na pale ndipo wanapozaliana karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki. Ukihesabu Singidani Jumanne na mwenzako akahesabu Kindai Jumatano, mnaweza kuwa mmewahesabu walewale mara mbili. Mnatakiwa mhesabu asubuhi moja.

#20 MchambuziHuru

Narudi. Nimesoma yote na nakubali kaa na ndege mmejieleza. Lakini mnazunguka tondo. Tondo hakimbii. Hasikii hatua. Hapungi gando. Yuko juu kwenye mikoko, si kwenye fremu za mwisho, kwa hiyo hata maji ya mzee hayamgusi. Ametoka 214 hadi 96 kwa usiku mmoja. Elezeni hilo.

#21 Mzee_wa_Bamvua

Hapo umesema kweli kijana. Kwenye tondo naondoa hoja yangu ya maji. Hoja ya kaa siiondoi, hizo fremu za mwisho bado zina kasoro.

#22 BintiMafia

Tondo analiwa, jamani. Pia anatumika kwa chambo. Jumamosi jioni akipita mama mmoja na watoto wawili na ndoo, kuokota 100 si tatizo. Mlimuuliza mtu yeyote pale kijijini?

#23 Nesi_Mpwapwa

Hatukuuliza. Ila kulikuwa na nyayo ndogo ndogo za watoto pembeni ya mstari wetu. Nilidhani wamekuja kuangalia vijiti.

#24 FundiJua

Mimi ndiye fundi sola, nilikuwa kundi la Jumapili. Nimekuwa nikisoma kimya na moyo unanidunda, sasa niseme.

Jumamosi usiku niliikalia fremu kwenye begi. Bomba la upande mmoja likapasuka. Asubuhi nikanunua kipande dukani, nikakiunga, tukaondoka nayo haraka kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Sikuipima. Fremu iko kwangu Nkuhungu. Nimetoka kuipima sasa hivi kwa futi: pande mbili zina sentimita 50, pande nyingine mbili zina 40. Ili pembe zikae sawa nilikata na bomba la upande wa pili lilingane na lile fupi.

Nisameheni wenzangu. Sikujua kama ina uzito.

#25 Nesi_Mpwapwa

Hukukosa kitu kaka, umekuja mwenyewe na futi mkononi. Wangapi wangenyamaza?

#26 Takwimu_Kwanza

Asante @FundiJua, umetupa kitu cha kushika. Fremu nzima ni robo ya mita mraba, yaani 0.25. Yako ya Jumapili ni 0.20. Mlihesabu eneo dogo kwa asilimia 20. Kama tondo wangekuwa wametandazwa sawasawa, 214 ingeshuka hadi kama 171. Haishuki hadi 96. Kwa hiyo fremu inaeleza sehemu, haielezi yote.

Na kumbukeni, fremu ndogo ilitakiwa kupunguza kaa pia, lakini waliongezeka. Maana yake kaa wa Jumapili walikuwa wengi kuliko hata hiyo 340 inavyoonyesha.

Neno langu jingine ni kuhusu hilo "sawasawa". Tondo wamekaaje mle? Wametawanyika au wamekaa makundi makundi?

#27 MwanaHombolo

Makundi. Nakumbuka vizuri fremu yetu ya tatu. Kulikuwa na jani moja la mkoko limeanguka, la njano, na tondo wamelizunguka wakilila, wakubwa, magamba meusi yenye tope, wamebanana mpaka jani lenyewe huoni isipokuwa ncha. Fremu ile peke yake ilikuwa na 58. Fremu ya nne ilikuwa na wawili.

#28 Takwimu_Kwanza

Basi hapo ndipo penyewe. Tondo wakubwa hula majani yaliyoanguka, na harufu ya jani moja inawaita wengi. Jani likiisha wanatawanyika. Jumapili fremu ya tatu mkiilaza sentimita 30 pembeni, mmelikosa kundi zima. Viumbe vinavyokaa makundi vinahitaji fremu nyingi zaidi, la sivyo namba yako inaamuliwa na jani moja.

Mkirudi, jaribuni hivi. Siku ya kwanza okoteni tondo 100, muwape kila mmoja nukta ya rangi ya kucha kwenye gamba, muwaache walipokuwa. Kesho yake hesabuni upya bila kuangalia rangi kwanza. Tuseme mmepata 96, na kati yao 48 wana nukta. Chukua 100 zidisha kwa 96, gawanya kwa 48, unapata 200. Hilo ndilo kadirio la wote waliomo, hata mliokosa kuwaona. Njia hii imetumiwa na Petersen wa Denmark kwa samaki na Lincoln wa Marekani kwa bata, ni ya zamani na inafaa kabisa kwa watu wa kujitolea. Sharti ni kwamba katikati ya siku hizo mbili asiingie wala kutoka tondo yeyote. Ndiyo maana swali la @BintiMafia la ndoo lina maana kubwa.

#29 MkeWaMvuvi_Tanga

Mimi nafikiri yule mama wa ndoo ndiye jibu. Jumamosi ya bamvua, maji chini saa nne, hakuna shule. Watoto lazima waliingia.

#30 UzaoWaPangani

Na mimi nafikiri ni jani.

#31 Mzee_wa_Bamvua

Vijana, msikimbilie kutupa namba inayowasumbua. Silikanti, yule samaki wa kale, alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, wataalamu walikuwa wanaamini amekwisha zamani sana, kabla hajawahi kuwepo mtu duniani. Aliyemtambua kwamba si samaki wa kawaida ni dada wa makumbusho madogo, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa na kawaida ya kupita bandarini kutazama samaki wa wavuvi. Miaka ya 2000 wakaanza kuonekana kwetu, Kilwa kisha Tanga, kwenye nyavu za wavuvi wa kawaida, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya silikanti Tanga. Wavuvi wale wangeona "hii haieleweki" wakatupa, leo tusingekuwa na habari hiyo.

#32 BintiMafia

Niongeze la nyumbani. Papa potwe Mafia tunawaona kuanzia Oktoba mpaka Machi. Baada ya hapo hawaonekani, na watu wote, pamoja na watafiti, wakasema wamesafiri. Wakavalishwa vifaa vya sauti. Utafiti uliochapishwa 2015 ukaonyesha wengi hawaendi popote, wanasogea nje kidogo na kuzama chini zaidi, macho hayawafikii. Miaka yote tuliyoandika sifuri, potwe alikuwa chini yetu.

Na wanatambuliwa mmoja mmoja kwa madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua, kwa picha. Picha ya mgeni aliyekuja kuogelea inaweza kuingia kwenye kumbukumbu sawa na ya mtafiti. Hata hesabu ya kulinganisha madoa ilichukuliwa kwa watu wa nyota, wanaolinganisha picha za anga.

#33 Chilonwa_Boy

Kumbe nyota na papa ndugu. Dada @BintiMafia, Kisasa unauza samaki gani? Mtera peke yake tumechoka.

#34 BintiMafia

Njoo Jumamosi, nina nguru. Turudi kwenye mada.

#35 NdegeWaBahi

Turudi. Mwalimu, ushauri wangu wa kazi: usichukue wastani. Wastani wa 61 na 340 ni namba ya siku ambayo haikuwepo. Peleka zote mbili, na kila moja iende na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, watu wangapi, fremu ya ukubwa gani, walitulia au walipita. Ukiingiza ndege kwenye eBird, daftari la ndege la mtandaoni, utaona inakuuliza hayo hayo: ulianza saa ngapi, ulikaa muda gani, ulitembea umbali gani. Picha za kaa na tondo ziweke iNaturalist, mtandao wa picha za viumbe, kule akitokea anayewajua atakurekebisha jina, na hakuna haja ya kumwamini mtu mmoja.

#36 MwanaHombolo

Nimekuelewa mkuu, nimeanza kuandika hivyo usiku huu. Lakini nimekwama kwenye orodha ya ndege ya Jumapili. Kijana ameandika juu kabisa "11:00", basi. Nesi unasema kundi liliingia saa tano na dakika arobaini, yaani 11:40 ya simu. Yeye aliwaona ndege kabla yenu?

#37 Nesi_Mpwapwa

Yeye alitangulia na bodaboda, sisi tukabaki na bajaji mbovu. Kwa hiyo inawezekana ni 11:00 ya asubuhi. Lakini jioni pia, tulipokuwa tunakunywa chai, alitoka na darubini akaenda ufukweni peke yake. Hiyo ilikuwa saa kumi na moja.

#38 Mzee_wa_Bamvua

Subirini hapo! Saa kumi na moja jioni maji yamejaa. Ndege wa tope hawana pa kula, wote wanasukumwa juu, wanakaa wamerundikana kwenye mchanga na kwenye matawi ya mikoko. Anayesimama pale na darubini anawaona wote kwa mkupuo mmoja. Saa tano asubuhi wametawanyika tope lote. Hizo si hesabu za aina moja.

#39 NdegeWaBahi

Mzee amenitangulia. Kama ni ya jioni, basi hata sifa nilizompa kijana za macho nazipunguza nusu. Mpigieni.

#40 MwanaHombolo

Nimempigia tangu juzi. Yuko mafunzoni kijiji kimoja milimani huko Kondoa, simu haipatikani. Nimemwachia ujumbe: "11:00 yako ni saa tano au saa kumi na moja?"

#41 MchambuziHuru

Nikiwa nasubiri jibu la kijana: safari ijayo lini? Nauli yangu nitalipa mwenyewe. Nitashika penseli tu.

#42 Mzee_wa_Bamvua

Mwezi ukiandama tena, siku ya pili na ya tatu. Nami nakuja, miguu bado inafaa. Mtafuteni mama mmoja wa pale Kaole tumchukue tangu mwanzo, atuambie ndoo ngapi zinapita.

#43 FundiJua

Wakuu, nimenunua bomba jipya na gundi. Nataka kuikata leo jioni. Nitapima mara mbili safari hii, sentimita 50 kila upande.

#44 Nesi_Mpwapwa

Hongera kaka. Hamsini ya ndani kwa ndani, au ya nje kwa nje pamoja na unene wa bomba? Ile ya kwanza ya Jumamosi mliipimaje?

#45 FundiJua

Ile aliikata mwalimu.